Nimejitoa mwenyewe kwenye kikundi cha sudo (wenye ruhusa ya msimamizi), narudije?

mzee_wa_spea
Assalam aleykum jamaa. Nina duka la spea za tuktuk hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nyuma ya kaunta kuna kompyuta ya Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), ndiyo inayobeba stoki, risiti na daftari la wadeni. Mpwa wangu ameanza kunisaidia hesabu, nikataka tuwe na folda moja tunayoiandika sote wawili. Jana asubuhi nikapiga hivi:

sudo groupadd hesabu
sudo usermod -G hesabu mpwa
sudo usermod -G hesabu duka

"duka" ndiyo akaunti yangu. Haikulalamika, na mchana kutwa sudo ilinikubali kama kawaida. Saa kumi stima ikapotea. Iliporudi nikawasha mashine, nikaandika sudo apt update, ikaniambia duka hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Paswadi ni ileile, nimeirudia mara tano, ya mwisho kwa kidole kimoja. Mbona asubuhi ilikubali? Na root, akaunti kuu ya mfumo, sijawahi kumwekea paswadi. Kijana wa jirani anataka elfu tatu apige fomati. Naogopa hilo daftari likipotea kuna watu Kisauni watachinja mbuzi.

kijana_wa_nyali
Piga fomati tu mzee, nusu saa umemaliza. Hamisha data kwenye flashi kwanza.

mama_terminali
Wee, usimsikize huyo. Mzee shikamoo. Hakuna kilichoharibika hapo.

-G peke yake haiongezi kitu. Yaambia mfumo: vikundi vya ziada vya mtu huyu ni hivi tu, vingine mfute. Ya kuongeza ni -aG. Mpwa hakudhurika kwa kuwa hakuwa na kikundi kingine. Wewe ulikuwa na sudo, adm, lpadmin na wenzao, vyote vimekwenda na maji.

Asubuhi ilikubali kwa sababu vikundi unagaiwa pale unapoingia. Ulikuwa umeshaingia, ukaendelea na vile vya zamani. Stima ilipokatika, ukaingia upya, ukagaiwa orodha mpya. Lau ungejua kabla ya saa kumi, ungejirudisha kwa amri moja.

Kabla ya kugusa chochote andika hivi, haihitaji sudo:

cp /etc/group- ~/vikundi-vya-zamani
diff /etc/group- /etc/group

Hicho kistari cha mwisho si kosa langu la kuchapa. Ni nakala ya /etc/group, faili la vikundi, ilivyokuwa kabla ya badiliko la mwisho. Ni moja tu, badiliko jingine likija inafunikwa, ndiyo nikasema uinakili.

mzee_wa_spea
Marahaba mwanangu. Nimeiona kwa macho. Juu imeandikwa sudo:x:27:duka, chini sudo:x:27: halafu patupu. Jina langu limefutwa kama sikuwahi kuzaliwa. Vikundi ni saba jumla, nimeviandika nyuma ya risiti. Sasa naingiaje?

mama_terminali
Zima, washa, shikilia Shift (mashine mpya gonga Esc) mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua namna ya kuwaka, itokee. Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha mstari wenye "recovery mode", kisha "root". Hapo diski iko ya kusoma tu, kwa hivyo:

mount -o remount,rw /
usermod -aG sudo duka
reboot

Vile sita vingine utajirudishia mwenyewe kwa sudo. Mimi siku hizi natumia gpasswd -a duka lpadmin, maana hiyo hata ukisahau herufi haikufuti kwingine.

Na hili tusilipite: umeona ulivyoingia bila paswadi? Yeyote atakayekaa mbele ya hiyo mashine dakika tano ataweza hivyohivyo. Funga mlango wa nyuma ya kaunta.

Folda yenu:

sudo mkdir /srv/hesabu
sudo chgrp hesabu /srv/hesabu
sudo chmod 2770 /srv/hesabu

Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila faili litakalozaliwa humo lirithi kikundi cha hesabu. Usije ukaweka 777, ya kumruhusu kila mtu, kwa hasira.

mzee_wa_spea
Nimerudi nyumbani! id duka yaonyesha 27(sudo), na wenzake nimewarudisha mmoja mmoja kutoka kwenye risiti. Lakini mpwa anafungua daftari la wadeni, kuandika ikamkatalia. Yeye ametoka akaingia upya, na faili nimelihamisha kwa mv.

mama_terminali
Lililohamishwa halirithi, linakuja na kikundi chake cha kule lilikotoka.

sudo chgrp hesabu /srv/hesabu/*
sudo chmod g+rw /srv/hesabu/*

mzee_wa_spea
Ameandika. Mdeni wa kwanza kumwongeza ni mimi, soda mbili za jana.