Kitufe kimoja, pampu inajiwasha yenyewe: nisaidieni

KarafuuKavu (Wete): Assalaam aleikum. Nina ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta) inayowasha pampu ya kisima kwa relei, yaani swichi ya umeme. Kitufe nakisoma kwa maktaba ya OneButton. AttachClick inaita kolibeki (kodi ya kuitwa kitufe kikibonyezwa) inayogeuza relei. Pini ya kitufe nimeiweka INPUT_PULLUP, rezista ya ndani iivute hadi volti 3.3. Wakati mwengine nabonyeza haijibu, na jana usiku pampu imewaka bila ya mtu kugusa. Kodi nimeipitia, haina kosa.

FundiMkoani: Waalaikum salaam. Loop yako, ile kodi inayojirudia, ina delay ya kuisimamisha? Kolibeki hizo haziitwi na kitufe, zinaitwa na tick(), inayokagua kitufe kila loop ikizunguka. Ukiweka delay(5000), mbonyezo unaoanza na kwisha ndani ya sekunde 5 hizo hauonekani. Itoe, muda upime kwa millis().

DauLaMisali: Kitufe cha nini? Tangi linataka swichi ya kuelea.

Bi_Saketi: Swichi ya kuelea nayo itaingia pini hiyo hiyo. Kaka, pini namba ngapi, na waya mita ngapi?

KarafuuKavu: Delay nimeitoa, sasa inajibu. Kujiwasha kumebaki. Waya hauna tatizo.

Bi_Saketi: Tafadhali, namba na mita.

KarafuuKavu: Pini 34, mita 18, bomba moja na waya wa pampu. Boksi nimeshaliziba kwa silikoni, pini sibadilishi. Na nilipima: kitufe kikiwa wazi inasoma volti 3.3.

DauLaMisali: Basi habari hii umeitunga. Pini 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani, INPUT_PULLUP hapo haifanyi kitu. Hiyo 3.3 imetoka wapi?

KarafuuKavu: Wallahi sijatunga. Nilipima mezani, kitufe kikiwa pini 25. Nilihamia 34 wakati wa kufunga, ipo karibu na tundu la waya.

FundiMkoani: Ndipo hapo. Pini 25 inayo rezista ya ndani. 34 inaelea, yaani hakuna kinachoishika kwenye volti moja, na mita 18 kando ya umeme wa pampu ni antena. Ukitaka 34 ibaki, funga rezista ya kiloohm 4.7 kati yake na volti 3.3, si 5, utaiunguza. Kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini hadi ardhi, iwe kwenye bodi, si kule kwenye kitufe. Waya utoe bombani, usokote na ardhi yake. Kwenye kodi andika OneButton(34, true, false); hiyo false ni kutotumia rezista ya ndani.

Bi_Saketi: Na leo usiku pampu ichomoe kabisa. Ikizunguka kavu inaungua.

KarafuuKavu: Nimeichomoa. Silikoni naikata asubuhi. Nina rezista ya kiloohm 10 tu.

FundiMkoani: Inafaa, maadamu waya umetoka bombani.