Naomba ushauri: taco za maharagwe zanivunjikia mkononi

Salaam wapishi wenzangu. Niko Mombasa, na Jumapili nina mgeni, binti ya shemeji yangu, hali nyama, mayai wala maziwa. Ameomba taco, kile chakula cha Mexico cha mkate mwembamba wa mahindi unaokunjwa na vitu ndani. (Mama mkwe alipolisikia jina alicheka mpaka akakaa chini.)

Maharagwe hayanipi tabu. Nayaloweka usiku, nayachemsha yaive vyema, halafu nayakaanga na kitunguu, thomu, bizari nyembamba na nyanya, nikiyaponda nusu. Yakiwa na rojo nyingi yanachuruzika, kwa hivyo nayakausha. Juu naweka kachumbari ya kabichi, dania, ndimu na parachichi.

Shida ni ule mkate wake. Nilikanda unga wa sima na maji moto na chumvi, nikasukuma, ukapasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Nimekuja kuelewa kuwa Wameksiko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, ndiyo maana unga wao hushikana. Huu wetu haukupitia hayo.

Sasa nichanganye na unga wa ngano? Kiasi gani kwa kiasi gani? Au nipike chapati nyembamba tu, nijifanye sijui? Na kama kuna aliyeuona unga wenyewe madukani hapa mjini, anielekeze.

Tena kachumbari: niitie chumvi mapema au dakika ya mwisho? Yangu hutoa maji, mkate ukalowa.