Je, ni haki kurudishia Kaole paa na mnara kwa kompyuta?

Kijana wa Dunda
Wakuu, habari za jioni. Wengi mmeshaiona ile video ya dakika nne inayozunguka tangu Ijumaa. Msikiti wa kale wa Kaole, yale magofu yetu ya hapa Bagamoyo, umerudishiwa paa na mnara, imamu wa kanzu nyeupe anashuka ngazi, na nyuma jahazi linaingia pale ambapo leo ni mikoko mitupu. Yote kompyuta. Mimi natembeza wageni, na juzi wawili wameniuliza mnara ulianguka lini. Swali langu ni moja: ni haki kuongeza vitu mahali pa kale bila kuandika popote kwamba vimeongezwa?

Fundi Fremu
Paa halinisumbui. Imamu ndiye ananisumbua. Simamisha video anapofika ngazi ya pili, tazama bega lake la kushoto: utepe wa kijani kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. Kanzu nyeupe hula rangi ya chochote kilicho karibu. Ukimsimamisha mtu ubavuni mwa kitambaa cha kijani, kile kinachofutwa baadaye ili picha nyingine iwekwe nyuma yake, kitammwagikia tu. Msogeze mbele hatua nne au tano, mpe taa zake na kitambaa kipe zake. Na kama kimeshamwagika, si lazima urudie kupiga. Pale kwenye ukingo, zuia kijani kisizidi wastani wa nyekundu na bluu, kanzu inarudi nyeupe. Hii ni kazi ya mtu mwenye haraka.

Binti Tongoni
Kijana, umeuliza la maana, nami najibu hilo. Misikiti ya kale ya pwani yetu kwa kawaida haikuwa na minara. Mwadhini alipanda ngazi akaadhini. Kwetu Tongoni, kule Tanga, makaburi ya kale yenye nguzo yapo mengi, nimekua nikiyaona, na msikiti wake ni gofu lisilo na mnara. Paa ni kukisia kitu kilichokuwepo. Mnara ni kuzua.

Mwenye Mji
Dada yangu, Tongoni ni Tongoni na Kaole ni Kaole. Watu wa Tanga mna tabia hiyo, kitu cha Bagamoyo lazima mkipime kwa cha kwenu. Tuacheni na magofu yetu.

Binti Tongoni
Magofu *yenu*? Bibi mzaa mama yangu amezikwa Mlingotini, si mbali na hapo Kaole. Mwambao huu watu walitembea kwa majahazi kabla ya mipaka ya mikoa, wakaoana, wakazikana. Wewe uliyejipa jina la Mwenye Mji, mara ya mwisho umekwenda Kaole lini? Taja mwaka.

Mwenye Mji
Sijibu maswali ya polisi.

Niliyeitengeneza
Nimesoma kimya tangu jana, lakini hilo la "mtu mwenye haraka" limenichoma. Fundi, wiki mbili nilikuwa nalala saa tatu kwa usiku. Sina kamera, nina simu. Simu inahifadhi vipimo vya rangi robo tu ya vile vya mwanga, ndiyo maana ukingo wa kofia umetoka na meno nilipokifuta kijani. Programu niliyotumia ni Blender, ya bure. Kitambaa niliazima kwa fundi mapambo wa harusi, kina mikunjo, na kila mkunjo ni kijani kingine. Njoo ukae kwenye kiti changu uone.

Fundi Fremu
Mdogo wangu, kwa hilo nakuomba radhi, sikujua ni simu. Basi sikiliza. Usikifute kijani chote kwa mkupuo mmoja. Fanya maski tatu, yaani vifuniko vya kutenga sehemu za picha: moja ngumu ya kiwiliwili, moja laini ya ukingo, moja ya kichwa peke yake. Mikunjo iliyo mbali na mwili izungushie mstari uitupe, haikuhusu. Na ule uzi mweusi kuzunguka tanga la jahazi ni kosa jingine: rangi imezidishwa mara mbili kwa alfa, yaani kipimo cha kila nukta ya picha inaficha kiasi gani kilicho nyuma yake. Porter na Duff, wataalamu wa picha za kompyuta, walishaieleza hesabu hiyo mwaka 1984. Zidisha mara moja, basi.

Nahodha Mstaafu
Waungwana, sijui alfa. Najua upepo. Tunatazama baharini, mashariki, kaskazini iko kushoto kwetu. Makuti ya minazi yamelala kushoto, huo ni upepo wa kusi. Tanga limejaa kuelekea kulia, hiyo ni kaskazi. Pepo mbili kwenye bahari moja. Mjukuu wangu wa miaka tisa kaliona kabla yangu.

Niliyeitengeneza
Shikamoo mzee. Ni kweli. Minazi niliipiga Julai, jahazi nililipiga Januari.

Fundi Fremu
Mzee amemaliza! Lakini dawa ipo. Geuza klipu ya jahazi kama kwenye kioo. Tanga litajaa kushoto, na mwanga nao utakubali: Januari jua la adhuhuri liko upande wa kusini, Julai liko kaskazini, ukigeuza linahamia linapotakiwa. Kisha punguza weusi wa ubavu wa chombo. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kitu cha mbali hakiwi cheusi hivyo. Pima kwa mikoko iliyo umbali uleule, usiizidi.

Nahodha Mstaafu
Ukiligeuza, namba ya ubavuni itasomeka kinyume. Na chombo nakijua, na mwenyewe namjua. Foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ina kiraka karibu na ncha. Utawapa watu wa hapa chombo ambacho hakipo.

Binti Tongoni
Ndicho ninachosema kuhusu mnara!

Mwenye Mji
Dada anarudi kulekule. Mzee anazungumzia chombo.

Kijana wa Dunda
Jamani, swali langu lilikuwa kuandika kwamba vimeongezwa. Mstari mmoja mwanzoni mwa video. Kuna anayepinga?

Fundi Fremu
Namba inafutika kwa kipande cha ubao kisafi cha chombo hichohicho, ukitreki, yaani ukifuatilia mwendo wa, pointi nne za ubavu. Kazi ya jioni moja.

Niliyeitengeneza
Sitaki kugeuza. Maneno ya mzee yameniingia. Mzee, kusi hii bado ipo, una chombo cha kutoka nacho?

Nahodha Mstaafu
Dau la mwanangu lipo, hapo mbele ya soko la samaki. Njoo alfajiri maji yakiwa yamejaa, yakikupwa tunakaa mchangani. Tanga nitapandisha mwenyewe. Na hilo dau usiliite jahazi.

Niliyeitengeneza
Nakuja, mzee.

Kijana wa Dunda
Na mnara je?