Ushauri: Nachapa CV za wagumu hapa Moshi, miisho ya maneno ya Kiingereza inanipiga chenga

dada_wa_stendi

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Nina stationery ndogo hapa Moshi, jirani na stendi. Wateja wangu wengi ni wagumu wa mlimani (wapagazi wa Kilimanjaro), wapishi wao, na vijana wanaotaka kutoka kwenye kubeba mizigo waanze kuongoza wageni. Msimu ukikaribia wanakuja na barua za mkono, nachapa, natuma kwa email kwenye makampuni.

Shida yangu si spelling. Hiyo kompyuta inapiga mstari mwekundu, narekebisha, maisha yanaendelea. Shida ni neno ambalo kwenye kamusi lipo, ila hapo lilipowekwa si pake. Kuna kaka kaleta hii: "I am experience cooker. I work hardly and I am very responsibility. I am interesting to join your company." Kila neno hapo limeandikwa sawa herufi kwa herufi! Nasikia kabisa kuna kitu hakijakaa vizuri, lakini akiniuliza kwa nini sina la kumjibu. Nikimgusia ananiambia, "Dada, chapa kama ilivyo."

Naombeni mwongozo. Kuna kanuni ya kujua lini neno linachukua -ness, lini -ity, lini -ly, lini -er? Au ndiyo nimeze kamusi nzima? Na la pili, nirekebishe au nichape kama ilivyo?

Mgumu_Machame

Hahahaha cooker! Huyo kaka amejiita jiko. "Cook" ndiye mpishi, "cooker" ni lile jiko lenyewe. Kampuni ikimwajiri itabidi tumbebe pamoja na mtungi wa gesi.

mwl_mstaafu_Rau

Marahaba binti. Usianzie kwenye mwisho wa neno. Anzia kwenye nafasi yake katika sentensi, kwa sababu kazi kubwa ya hivi viambishi tamati ni kulihamisha neno kutoka aina moja kwenda nyingine. Ukishajua nafasi inataka aina gani, umbo utalipata.

Chukua "responsibility". Kabla yake kuna "I am very". Baada ya "very" hapo panatakiwa kivumishi, yaani neno la sifa. Miisho ya -ity, -ness, -ment, -tion na -ence inatengeneza nomino, kwa hiyo huyo kaka amesema yeye ni wajibu wenyewe! Kivumishi chake ni "responsible". Lakini akiandika "I had the responsibility of..." yuko sawa kabisa, maana "the" inasubiri nomino.

"Experience" ni hivyo hivyo. Mbele yake kuna nomino, "cook", inayotaka kusifiwa, basi weka -ed: "an experienced cook". Mwanzoni mwa sentensi kama "Experience has taught me", inabaki nomino bila mkia wowote.

Mbona Kiswahili tunafanya bila kufikiri? Pika, mpishi, upishi, mapishi. Hakuna mtu anayesema "mimi ni upishi mzuri". Sisi tunaongeza mbele na kugeuza nyuma, Mwingereza kwenye kubadili aina ya neno anageuza zaidi nyuma. Mbele huwa anabadili maana: "responsible" na "irresponsible" vyote ni vivumishi, ila ole wako ukikosea hapo kwenye CV.

kijana_Kiboriloni

Mwalimu shikamoo. Sasa -er ni ya mtu au ya kitu? Driver ni mtu, climber ni mtu, cooker tunaambiwa jiko. Na guide kwa nini si guider? Halafu porter, yaani mgumu, anaporti nini?

mwl_mstaafu_Rau

Marahaba. -er ni ya anayefanya kazi hiyo, awe mtu au kifaa. "Heater" na "opener" ni vifaa. "Cook" na "guide" zilishakuwa kitenzi na jina la mtu kwa pamoja, kwa hiyo nafasi ya mtu imeshajazwa, na "cooker" ikaenda kwa jiko.

Porter umeuliza vizuri. Kiingereza hakikuliunda kwa kuongeza -er kwenye kitenzi chake. Limetoka Kifaransa likiwa limeshaundwa, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubeba. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi, na miisho yake ikaja nayo. Ndiyo maana -ity inapenda maneno ya ukoo huo: able, ability, active, activity. -ness ni ya Kiingereza cha asili na haichagui sana: kind, kindness, ready, readiness (y inageuka i). Kati ya hizo mbili hakuna kanuni isiyovuja, hapo kamusi haikwepeki.

mama_tours_Arusha

Mimi niko upande wa pili, CV hizi zinanifikia ofisini Arusha. Dada, "cooker" nitacheka na kuendelea kusoma, maana nimejua anachomaanisha. "I work hardly" ndiyo hatari: maana yake ni kwamba karibu hafanyi kazi kabisa. "Hard" haihitaji -ly ukimaanisha bidii. "Fast" nayo haina -ly. "Lately" ipo, ila ni "siku hizi", si "kwa kuchelewa".

Na "I am interesting" amejisifu kuwa anavutia. -ing ni kile kinacholeta hisia, -ed ni yule anayeipata: the job is interesting, I am interested.

Kuna na "referee". Mwisho wa -ee mara nyingi ni anayefanyiwa: employer anaajiri, employee anaajiriwa. Referee ndiye anayeulizwa habari zako, kwa hiyo mwambieni mteja ampigie kabla sisi hatujampigia.

chapa_kazi

Mimi ningechapa kama ilivyo. Ukimnyooshea barua yote, ataitwa interview na Kiingereza cha stationery, afike pale aanze "I am very responsibility". Aibu ya nani?

mama_tours_Arusha

Mkuu, mpishi simwajiri kwa sarufi, namwajiri kwa supu ya moto pale kambi ya Barafu, juu mlimani. Barua ikinyooka inampa nafasi ya kuonwa. Anayetaka kuongoza wageni, huyo nakubaliana na wewe, lazima aweze kusema mwenyewe. Dada arekebishe, kisha amsomee kwa sauti mbele yake kabla ya kutuma.

dada_wa_stendi

Asanteni sana. Nimejaribu: "I am an experienced cook. I work hard and I am very responsible. I am interested in joining your company." Ila mwalimu, kuna moja inanisumbua. Wengi wanaandika "I am friendly". Ina -ly, nami nilishaanza kuifuta!

mwl_mstaafu_Rau

Irudishe haraka. -ly ikikaa kwenye kivumishi kwa kawaida inazaa kielezi: careful, carefully. Ikikaa kwenye nomino mara nyingi inazaa kivumishi: friend, friendly, cost, costly. Angalia imepanda juu ya nini. Na sentensi zako hizo tatu zimenyooka, tuma.

kijana_Kiboriloni

Dada, ukurasa mmoja unachapa bei gani? Na Jumapili unafungua?