Mjadala: Je, uzamivu juu ya udaktari unamfungulia daktari wetu mlango wa ubingwa Marekani?

Ndugu mleta mada amependekeza kwamba vyuo vyetu vya tiba vianzishe shahada ya pamoja, yaani mwanafunzi asomee udaktari na uzamivu (PhD) kwa mkupuo mmoja, na hoja yake kubwa ni kwamba mhitimu wa namna hiyo atapata kwa urahisi nafasi ya mafunzo ya ubingwa nje ya nchi, hasa Marekani. Shahada yenyewe naiunga mkono. Sababu aliyoitoa siikubali, kwa kuwa wapo vijana watakaoitumainia na kupoteza miaka yao mizuri.

Mifano inayotajwa sana ni ya Wamarekani wenyewe. NIH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, ilianza kugharimia masomo ya aina hii mwaka 1964, na hadi leo fedha hizo hupewa raia na wakazi wa kudumu, si wageni. Anayemaliza pale baada ya miaka 8 hivi hupokelewa vizuri na hospitali kubwa, hilo sibishi. Ila tukumbuke kwamba na udaktari wake umetoka katika chuo cha Marekani. Katika mgawanyo wa nafasi za mafunzo ya ubingwa wa mwaka 2024, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo hivyo waliopata nafasi walikuwa zaidi ya 93 katika kila 100, ilhali raia wa kigeni waliosomea nje ya Marekani hawakufika 59. Uzamivu uliopatikana Dar es Salaam haumtoi mtu katika kundi hili la pili na kumwingiza katika lile la kwanza.

Kuna pia suala la muda. Programu nyingi za ubingwa za huko hutazama mwaka uliohitimu udaktari, na zipo zinazokataa maombi ya aliyehitimu zaidi ya miaka 5 iliyopita. Mwenzangu mmoja, baada ya kumaliza mwaka wake wa utarajali, aliingia maabara ya malaria akakaa humo miaka minne, na tasnifu yake ilisifiwa na kila aliyeisoma. Siku ya usaili, akiwa mbele ya kompyuta saa tano za usiku, swali la kwanza halikuhusu tasnifu. Aliulizwa ni lini mara ya mwisho alimlaza mgonjwa na kumfuatilia hadi akaruhusiwa. Alinisimulia kwamba alianza kuhesabu miezi kwa vidole, kisha akaacha.

Mleta mada atajibu kwamba katika shahada ya pamoja cheti cha udaktari hutolewa mwishoni, na kwamba tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari Marekani, hautoi alama bali kufaulu au kufeli, hivyo utafiti umepata uzito zaidi. Hoja ya kwanza ina nguvu, nami nakiri kwamba inapunguza tatizo la mwenzangu. Ya pili ni kweli nusu, kwa sababu mtihani unaofuata, Step 2 CK, bado unatoa alama, na makala mbili tatu zilizochapishwa zinaweza kuandikwa bila uzamivu wowote. Anayenufaika hasa ni yule anayetaka kuwa mtafiti maisha yake yote: huyo anaweza kuomba njia maalumu ya watafiti katika ubingwa wa magonjwa ya ndani huko Marekani, ambamo mafunzo ya wodini ni miaka 2 na yanayofuata ni ya utafiti. Hao ni wachache.

Basi ningependa mleta mada atujibu hili: mhitimu huyo akikosa nafasi Marekani, muundo wa utumishi utamweka wapi, kwa madaktari au kwa watafiti? Na katika miaka ile ya maabara atasimamiwa na nani, ikiwa maprofesa wetu wenyewe wanagawana siku yao kati ya wodi, darasa na vikao?