UKOO WA MZEE SHOMARI (RASMI)

*Jumamosi*

09:12 Zuhura: Assalaam alaykum wanaukoo. Kompyuta ya Kassim imekataa kuwaka. Kila aliyechanga asome, msije mkasema Zuhura alikaa kimya.

09:12 Zuhura: Jumatatu shule zinafunguliwa na duka liko mlangoni mwa shule. Wazazi watataka kopi za vyeti vya kuzaliwa, Kassim atawapa nini?

09:13 Zuhura: @Idi

09:13 Zuhura: @Idi @Hamadi @Nasra Muscat

09:41 Faraji: Labda LUKU imeisha 😂

09:42 Zuhura: Faraji nimekuzaa mwenyewe, usinianze asubuhi.

09:42 Faraji: Shikamoo mama

10:05 Mama Kassim: Waalaykum salaam wifi. Kijana hajalala. Kaiunga usiku kucha kwa kutazama video, alfajiri kabonyeza, kimya. Hata chai hajanywa.

10:06 Zuhura: Yuko wapi mwenyewe aeleze?

10:06 Mama Kassim: Bando limemwishia.

10:08 Zuhura: Nimemrushia. Na hiyo nayo naiandika kwenye daftari.

10:31 Hamadi: Mimi nilisema tangu mwanzo. Tununue zile Dell za mtumba zinazotoka Dubai, unachomeka unafanya kazi. Mkasema kijana ana kipaji.

10:33 Zuhura: Tulisema wote.

10:33 Hamadi: Mimi sikusema.

10:50 Kassim: Shikamooni wakubwa. Ahsante shangazi kwa bando. Haiwaki kabisa.

10:52 Idi: Marahaba mdogo wangu. Shikamoo shangazi, shikamoo ba'mdogo. Nilikuwa zamu ya usiku, ndiyo naamka. Kassim, "haiwaki" ziko mbili. Ukibonyeza, feni zinazunguka halafu skrini nyeusi, au hakuna kitu chochote, hata taa?

10:53 Kassim: Hakuna kitu kaka. Kama jiwe.

10:54 Idi: Sawa. Kabla ya yote, chomoa waya ukutani. Nyuma kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, kuna swichi nyekundu ndogo imeandikwa 115 na 230?

10:55 Faraji: Ya 115 ndiyo ya kuokoa umeme 😂 mama ataipenda

10:55 Zuhura: Kama inaokoa umeme si iwekwe hiyo?

10:56 Idi: HAPANA. Kassim usiiguse!! Umeme wetu ni wa 230. Ukiiweka 115 ukachomeka, pawa saplai inalipuka na moshi juu. Faraji acha masihara kwenye mambo ya umeme.

10:57 Faraji: Nimekoma kaka 🙏🏾

11:02 Kassim: Haipo hiyo nyekundu. Ipo nyeusi tu, ina mstari na duara.

11:02 Idi: Iko upande gani?

11:03 Kassim: Duara imebonyea.

11:03 Idi: Duara ni kuzima. Ilaze upande wa mstari, chomeka, bonyeza tena.

11:06 Kassim: IMEWAKA!!!

11:06 Mama Kassim: Alhamdulillah 🤲🏾🤲🏾

11:06 Zuhura: Allahu akbar. Mnaona faida ya kuitana? Sasa nawatajia ambao hawajamaliza mchango.

11:07 Kassim: Feni zinazunguka, taa zinabadilika rangi. Ila skrini nyeusi.

11:07 Faraji: Taa za rangi kwenye duka la kopi. Wazazi wakija na vyeti watadhani wameingia disko

11:08 Hamadi: Hizo taa nazo tulizilipia?

11:08 Kassim: Zilikuja na feni ba'mdogo, sikuchagua.

11:10 Idi: Taa ziacheni. Kassim nipigie picha ya ndani, mfuniko ukiwa wazi.

11:15 Kassim: 📷 Picha

11:19 Idi: Juu kushoto, jirani na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, naona tundu la pini 8 liko tupu. Hapo ndipo prosesa inapopata umeme wake. Ule waya mpana wa pini 24 peke yake hautoshi, unazungusha feni tu. Zima, chomoa ukutani, tafuta kwenye pawa saplai waya wenye vichwa viwili vya pini 4, vyeusi, mara nyingi umeandikwa CPU. Unganisha vichwa viwe kimoja, sukuma mpaka ulie "tak". Usichukue ule ulioandikwa PCIe, wanafanana lakini huo ni wa kadi ya picha. Ukiona unagoma usiulazimishe.

11:20 Zuhura: Kassim umeelewa?

11:20 Zuhura: Kassim

11:24 Zuhura: Kassim jibu basi

11:25 Mama Kassim: Wifi mwache, ana bisibisi mdomoni.

11:38 Kassim: Nimeuweka, umelia. Bado nyeusi. Ila nimeona kwenye bodi, lile bamba linalobeba vifaa vyote, kuna vitaa vinne vidogo pembeni, vimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT. Kilichowaka ni cha CPU, chekundu, hakizimiki.

11:40 Idi: Hapo sasa umenisaidia. Vile vinakwenda kwa zamu. Bodi inakagua prosesa kwanza, halafu ramu, halafu picha, mwisho diski. Imekwama mlango wa kwanza. Kwa hiyo msinunue ramu wala monita nyingine, hela itapotea bure.

11:41 Zuhura: Hakuna anayenunua kitu bila daftari.

11:42 Idi: Prosesa ni ipi? Jina kamili, na herufi ya mwisho.

11:44 Kassim: Ryzen 5 5600 kaka. Herufi sikumbuki, nimeshapaka ile dawa ya kupitisha joto na kufunga feni juu yake. Boksi lilibaki Muscat. Da Nasra aliileta kwenye kile kikasha chake cha plastiki ndani ya kopo la halua.

11:45 Faraji: Halua ilikwenda wapi?

11:45 Mama Kassim: Halua ililiwa kwa Zuhura.

11:46 Zuhura: Tulikula wote siku ya hitma.

11:46 Hamadi: Mimi sikuiona.

11:47 Faraji: Tuunde kamati ya kuchunguza halua 😂😂 mwenyekiti mjomba Hamadi

11:47 Kassim: Naing'oa feni nisome jina

11:47 Mama Kassim: Ilikuwa na lozi, nzuri kweli

11:48 Zuhura: Ile ya lozi ilikuwa kopo jingine

11:49 Idi: KASSIM USING'OE

11:49 Idi: Hiyo ni soketi ya AM4, miguu iko kwenye prosesa yenyewe. Dawa ikishika, ukivuta feni juu inatoka na prosesa yake, miguu inapinda. Kassim???

11:51 Idi: Mpigieni simu mtu!

11:53 Mama Kassim: Nimemzuia. Kaweka bisibisi chini.

11:54 Idi: Ahsante mama. Tusubiri Nasra aseme. Kama ni 5600 bila G, haitoi picha mpaka kuwe na kadi ya picha, na hatukununua. Kama ina G, picha inayo. Lakini hata hivyo isingekwama kwenye taa ya CPU, kwa hiyo kuna jingine. Kassim, bodi ni B ngapi?

11:56 Kassim: Imeandikwa B450M.

11:58 Idi: Aah. Na boksi la bodi lina kibandiko cha "Ryzen 5000 Desktop Ready"?

12:01 Kassim: 📷 Picha

12:01 Kassim: Hakuna kibandiko.

12:04 Idi: Basi nadhani nimeiona. Bodi za B450 zilitoka 2018. Hizo prosesa za 5600 zenye G zimetoka 2021. Bodi ikiwa imekaa stoo na BIOS yake (ile programu ya kuiwashia) ya zamani, ukiiwekea prosesa hii haiitambui, inawasha feni na kukwama hapohapo. Si mbovu. Inatakiwa isasishwe.

12:05 Zuhura: Nani aliinunua hiyo bodi?

12:05 Zuhura: @Hamadi

12:20 Hamadi: Nilinunua Kariakoo, mpya, boksi limefungwa, na risiti nilikupa mkononi.

12:21 Zuhura: Mpya ya mwaka gani?

12:22 Hamadi: Zuhura mimi ni fundi kompyuta? Niliandikiwa jina kwenye karatasi nikaenda na karatasi.

12:24 Idi: Shangazi, ba'mdogo hana kosa. Karatasi niliandika mimi B450 kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, na nyingi za dukani zilishasasishwa.

12:26 Zuhura: Idi wewe unamsitiri tu. Kila mashine anayokwenda kuinunua Hamadi inafia njiani. Ile ya Korogwe ilikuwaje?

12:27 Hamadi: Nilijua tu utafika Korogwe.

12:27 Zuhura: Nitafika, maana hukuwahi kufika wewe kutueleza. Mashine ya kusaga ya watu sita, imeondoka usiku, hela haikuonekana.

12:28 Hamadi: Miaka yote hii nimenyamaza.

12:28 Zuhura: Kwa nini umenyamaza?

12:29 Mama Kassim: Wifi, haya si ya humu.

12:30 Faraji: Mama

12:30 *Ujumbe huu umefutwa*

12:31 Zuhura: Nimeusoma kabla hujaufuta, Hamadi.

13:47 Baba Mkubwa Athumani: NIMESOMA YOTE. ZUHURA. MASHINE YA KOROGWE NILIIUZA MIMI. MAMA YENU ALIKUWA AMELAZWA HOSPITALI YA BOMBO NA HELA YA KUMTOA ILITAKIWA KESHO YAKE. MAREHEMU ALITAKA MSIJUE. HAMADI NILIMUAPISHA. MWACHENI

13:48 Baba Mkubwa Athumani: HIZI HERUFI SIJUI KUZIPUNGUZA

15:10 Mama Kassim: Shikamoo baba mkwe.

15:26 Idi: Shikamoo babu.

16:02 Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa.

16:02 Zuhura: Hamadi nitakupigia baada ya Isha.

16:40 Nasra Muscat: Jamani ndiyo nafungua simu, leo tulikuwa na wageni. Jumbe zaidi ya 80! Prosesa ni 5600G, G ipo, ni mpya, boksi ninalo kabatini na risiti. Kopo la halua nilileta mawili. Mmeshaiwasha?

16:41 Nasra Muscat: Korogwe kumetokea nini?

16:43 Faraji: Da Nasra panda juu usome taratibu

16:58 Idi: Ahsante Nasra, basi ni BIOS. Kassim, nyuma ya bodi, karibu na matundu ya flashi, kuna kitufe kimeandikwa Flash BIOS au Flashback?

17:03 Kassim: Hakuna kaka. Kuna matundu tu.

17:05 Idi: Bodi nyingine za B450 zinacho, yako haina. Kingekuwepo tungeweka faili kwenye flashi, tukamaliza leo. Sasa inatakiwa prosesa ya zamani ya kuazima, kama Ryzen 5 2600. Unaifunga kwa muda, unasasisha BIOS, unarudisha yako. Kwa kuwa 2600 haina picha, itakuja na kadi ya picha ya kuazima pia. Na umeme usikatike katikati ya kazi, ukikatika hapo bodi inakufa kweli.

17:07 Kassim: Nikiitoa betri ya bodi nikairudisha haisaidii? Kwenye video wamesema.

17:08 Idi: Itarudisha mipangilio tu, BIOS itabaki ileile. Jaribu ukitaka, umeme ukiwa umechomolewa. Ila usinunue betri mpya.

17:21 Kassim: Nimejaribu. Ileile nyekundu.

17:30 Zuhura: Hiyo ya kuazima inapatikana wapi?

17:44 Idi: Nina rafiki yangu fundi yuko Magomeni, anavyo vyote viwili. Hakabidhi mtu, anakuja mwenyewe. Anataka 25,000 pamoja na nauli. Au ba'mdogo airudishe bodi dukani wamsasishie, wengi wanafanya, ila kesho Jumapili sijui kama watafungua.

17:46 Zuhura: Kwenye daftari imebaki 11,500. Hamadi kesho unaweza kupita Kariakoo?

17:46 Zuhura: Tafadhali.

18:20 Zuhura: Fundi aje kesho saa nne. Kila mmoja atoe 3,000 na ya kutolea, nijibiwe kabla ya saa mbili usiku.

18:51 Faraji: Nimerusha mama

19:15 Nasra Muscat: Mimi nalipa yote 25,000, nitumieni namba.

19:16 Zuhura: Hapana Nasra, wewe ulishatoa prosesa. Watoe wengine.

19:17 Nasra Muscat: Sasa wengine wako wapi?

20:04 Hamadi: Kesho saa nne kuna hitma ya Mzee Kombo kule Mwembeni. Umeme wa kwa kina Kassim nao unakatika kila mchana. Fundi aje saa ngapi?

20:05 Mama Kassim: Na mimi hitma nimeahidi kupika.

20:31 Zuhura: @Idi muulize fundi kama jioni anaweza.

20:32 Zuhura: @Idi

21:18 Kassim: Kaka Idi ameingia zamu ya usiku shangazi.