Pumu imetulia, naweza kuacha inhela ya kahawia?

Binti Mwaloni: Shikamooni wakubwa, wengine habari. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nina pumu ile nyepesi, na mwaka wa pili huu navuta hiyo ya kahawia, beklometasoni ya mikrogramu 100, pafu mbili asubuhi, mbili jioni. Inhela ya bluu, ile ya kuvuta ukibanwa, sijaigusa miezi minane, gunia nabeba, usiku nalala fofofo. Ila sauti inakwaruza, na juzi nimekuta utando mweupe kwenye ulimi. Mama mkwe anasema mwili ukishaizoea dawa hii, sitoki tena. Nataka niache kabisa. Kuna aliyeacha?

Kijana wa Igoma: Niliacha mimi, nikajiona mjanja. Wiki ya sita wadudu wa ziwani wakapanda kama moshi, saa nane usiku kifua kikabana. Nilivuta bluu hadi mikono ikatetemeka. Kulikucha niko kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvutia dawa kama mvuke.

Nesi Mstaafu: Pole, mwanangu. Dada, mwambie mkwe wako kwa heshima kwamba haina uteja. Bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu, uvimbe wa ndani unatulizwa na hiyo kahawia. Ukiiacha ghafla, uvimbe unarudi kimyakimya. Kupunguza ni jambo jingine: pumu ikitulia walau miezi mitatu, daktari hushusha dozi, mara nyingi kwa robo hadi nusu, kisha mnaangalia miezi mitatu mingine. Usianze ukiwa na mafua wala ujauzito. Huo utando ni fangasi. Ukishavuta unasukutua?

Binti Mwaloni: Kusukutua? Navuta nakimbilia daladala!

Nesi Mstaafu: Basi tumepata mchawi. Sukutua, tema, usimeze. Na vutia kwenye spesa, ile chupa inayochomekwa kwenye inhela, ili dawa isibaki kooni. Ukikosa, chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kiingie mdomo wa inhela, kibane vizuri.

Babu wa Ilemela: Tangu 2019 miongozo ya GINA, wale wataalamu wa pumu wa kimataifa, haitaki mtu mzima ategemee bluu peke yake, hata pumu ikiwa nyepesi. Mimi nilihamishiwa budesonidi ya kutuliza uvimbe na fomoteroli ya kufungua njia ya hewa, ndani ya inhela moja, navuta nikibanwa tu. Bei yake sasa, we acha! Muulize daktari.

Binti Mwaloni: Mrejesho: nimetoka kliniki. Pafu moja asubuhi, moja jioni, nirudi baada ya miezi mitatu, bluu isitoke kwenye mkoba. Chupa nimeitoboa kwa msumari wa moto. Mama mkwe kanikuta naivutia uani, kauliza kama nimeanza bangi.